Anayeandika jina langu anataka nini? Historia ya maswali kwa wenye maduka wa Kisangani

Leo tunaongea juu ya kazi inayoonekana nyepesi: kumwuliza mfanyabiashara biashara yake inaendeleaje, na kupata jibu la kweli.

Si kwamba watu wa Kisangani hawapendi kusema. Panda mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga, utasikia bei ya mawese, bei ya simiti, nani amepata hasara na nani amejenga. Keti na akina mama wa likelemba pale soko kuu, utajua kila mmoja anaweka ngapi. Lakini mtu akisimama mbele ya butiki na fomu na kalamu, hewa inabadilika. Patron hayuko, amesafiri Isiro. Aliyebaki ni mtoto wa dada yake, hajui kitu. Na ukibahatika kumkuta patron mwenyewe, ukamwuliza anauza kiasi gani kwa siku, atakujibu kwa upole: "Tunajikaza tu, yaya."

Sisi wa maikro tunalijua jibu hilo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaoandika kazi zao za mwisho wanalijua. Watu wa takwimu wa serikali wanalijua kuliko sisi sote. Hesabu ya biashara za mji huu imejaa matundu, na kwenye kila tundu kuna mtu aliyesema "tunajikaza tu".

Huko ng'ambo nako wana shida hiyo, na wameitengenezea elimu yake. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza iliunda kikundi kidogo cha wataalamu wa tabia za watu. Kazi mojawapo iliyowapatia sifa ilikuwa barua za kodi. Waliongeza sentensi moja tu, kwamba watu tisa kati ya kumi wanalipa kodi yao kwa wakati, na waliochelewa wakaanza kulipa haraka kuliko wale waliopata barua ya zamani. Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa London walikusanya majaribio 292 yaliyofanywa ili kujua nini kinamfanya mtu arudishe fomu aliyoletewa kwa posta. Walikuta mambo ambayo hata mama muuza ndizi angewaambia. Fomu fupi hurudi kuliko ndefu. Mtu aliyepelekewa habari mapema hujibu kuliko aliyeshtukizwa. Feza kidogo ndani ya bahasha husaidia sana. Maswali yanayogusa siri hufukuza majibu. Na fomu iliyotoka chuo kikuu hurudi kuliko iliyotoka kwa wengine, kama vile makampuni.

Lakini kuna jaribio moja la Marekani ambalo mimi nalirudia kila mara kichwani. Huko, uchunguzi wa kila mwaka wa familia huambatana na neno kwamba sheria inakulazimisha kujibu. Mwaka 2003 Ofisi ya Sensa ilijaribu kuwaambia watu wengine kwamba kujibu ni hiari yao. Waliojibu kwa posta wakapungua kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100. Neno "sheria" lilikuwa linafanya kazi kubwa.

Sasa chukua neno hilohilo, "sheria inakulazimisha", ulipeleke soko kuu la Kisangani saa mbili asubuhi. Kesho yake rudi, utuambie umemkuta nani.

Kwa nini neno moja linafungua mlango kule na kuufunga hapa? Wengi hujibu haraka haraka: watu wetu hawajasoma, watu wetu waongo, watu wetu hawapendi maendeleo. Mimi sikubali. Naona watu wetu wanakumbuka. Kila anayeulizwa hujiuliza kwanza kimya kimya: mara ya mwisho walipoandika, kilifuata nini? Na mjini Kisangani swali hilo lina majibu marefu.

Tuanzie mbali kidogo. Kituo cha Wazungu kwenye maporomoko ya Boyoma kilianzishwa mwaka 1883. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili alimweka Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, kuwa liwali wa sehemu hii. Tippu Tip alikuwa mtu wa hesabu: pembe za ndovu, bunduki, watumwa. Baada yake ikaja hesabu ya mpira. Wakati wa Dola Huru ya Kongo, kuhesabu wanaume wa kijiji kulikuwa na maana moja, nayo ni kujua kijiji kinadaiwa mpira kiasi gani. Dekreti ya Novemba 1903 ilisema mwenyeji afanye kazi ya Leta saa 40 kila mwezi, na ili sheria kama hiyo itembee ilibidi watu waandikwe. Aliyeandikwa alidaiwa. Aliyekimbilia porini kabla ya kuandikwa alipumua kwa muda. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo babu zetu walipewa juu ya kalamu ya serikali, na walilifundishwa kwa kiboko.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo kuna aliyejibu. Mwaka 1904, baada ya ripoti ya Roger Casement na kelele za Edmund Morel huko Ulaya, Leopold alilazimika kutuma tume ya watu watatu: Edmond Janssens, Giacomo Nisco na Edmund de Schumacher. Walipanda mto wakisikiliza mashahidi. Chifu mmoja aitwaye Lontulu, wa Bolima, chini ya mto upande wa Ekwateri, alifika mbele yao na vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Alivipanga mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akavitaja majina, kijiti kwa kijiti.

Naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu wataalamu wa fomu wanaweza kujifunza mengi kwa Lontulu. Hakujaza karatasi ya mtu. Alikuja na kipimo chake mwenyewe, kilichoeleweka na watu wake waliobaki, na kila mmoja wao angeweza kukikagua. Wale aliowajibu hawakuwa wenye kampuni ya mpira wala askari waliomwulia watu, walikuwa wageni waliokuja kusikiliza hadharani. Na hakuulizwa anadaiwa nini, aliulizwa ametendewa nini. Badilisha hayo na yule mtu aliyepigwa kiboko kwa sababu ya orodha angekuwa mjinga kufungua mdomo.

Lakini ona na mwisho wake. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1905, na maneno ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungiwa kwenye makabati ya Brussels kwa miaka mingi. Waliojibu hawakurudishiwa majibu yao. Tabia hiyo ya kuuliza na kuondoka nayo tunaijua hadi leo.

Wabelgiji walichukua koloni mwaka 1908, na mwaka 1910 kodi ya feza ikawekwa kwa wenyeji. Orodha zikaongezeka: orodha ya kodi, kitambulisho, ruhusa ya kukaa mjini. Stanleyville, kama ulivyoitwa mji wetu, ulikua chini ya makaratasi hayo. Mtu mweusi aliyekuwa mjini bila karatasi alirudishwa kijijini. Kwa hiyo jibu zuri mbele ya karani lilikuwa lile linalokuacha ukae.

Mwaka 1952 wakaja waulizaji wa aina nyingine. Taasisi ya Kimataifa ya Afrika ya London, kwa kazi ya UNESCO, ilileta Stanleyville watafiti, miongoni mwao Valdo Pons, Nelly Xydias na Pierre Clément. Xydias alishughulika na mambo ya kazi na wafanyakazi, Clément na maisha ya watu wa mji, Pons na watu wenyewe: wametoka wapi, wanafanya nini, wanaishi na nani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1956 ndani ya kitabu kikubwa cha UNESCO juu ya viwanda na miji ya Afrika, na Pons akatoa kitabu chake juu ya Stanleyville mwaka 1969.

Kinachonivutia kwa Pons ni kwamba hakuridhika na fomu. Alitumia muda kwenye Avenue 21, kona ya pembeni ya mji, akifuatilia majirani wanavyosalimiana, wanavyogombana na wanavyosaidiana, mpaka akaweza kuandika makala nzima juu ya makundi mawili madogo ya avenyu hiyo. Fomu ilimwambia mtu ni wa kabila gani na anafanya kazi gani. Avenyu ilimwonyesha mtu huyo anamkopesha nani. Mwenye duka anayesoma hapa anajua ni habari ipi kati ya hizo mbili yenye thamani.

Nisidanganye, hata hivyo. Pons alikuwa Mzungu katika mji wa wakoloni, na aliyemjibu alijua hivyo. Sisemi watu walimfungulia moyo wote. Nasema muda aliokaa ulinunua kitu ambacho karani wa kodi hakuwahi kukipata.

Turuke tufike 1973, kwa sababu hapo ndipo kidonda cha wafanyabiashara kilipofunguka. Tarehe 30 Novemba mwaka huo Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa Wazairwa. Hapa Kisangani zilikuwa za Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani, Wabelgiji. Waliopewa tuliwaita acquéreurs, na wazee wetu wakilitaja neno hilo mpaka leo hucheka kicheko kisicho na furaha. Duka lilipobadilisha mkono liliandikwa kwanza: kuna nini kwenye rafu, kuna nini kwenye depo, kuna deni gani. Kisha acquéreurs wengi waliuza kilichokuwepo na rafu zikabaki tupu. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali, lakini somo lilikuwa limeingia. Kila mfanyabiashara, mgeni kwa mwenyeji, alikuwa ameona kwamba orodha kamili ya mali yako ni kitu anachohitaji mtu anayetaka kuichukua.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, mwisho wa Desemba 1979 noti za zaire tano na zaire kumi zikaondolewa ghafla. Watu wakapewa siku chache kubadilisha, na kiasi kilichokubaliwa kilikuwa na mpaka. Aliyekuwa na feza nyumbani aliipoteza. Aliyeigeuza kuwa bidhaa, kahawa, dhahabu au lori, akapona. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa mara mbili ndani ya miaka sita.

Ni katika miaka hiyo hasa, 1979 na 1980, mtafiti Janet MacGaffey alifanya kazi yake hapa Kisangani, akichunguza wenye biashara. Fikiria ugumu wake! Kitabu chake kilitoka mwaka 1987, na ndani yake kuna jambo ambalo serikali ya wakati ule haikutaka kulisikia: wapo Wazairwa, wanaume na wanawake, waliojenga biashara za kweli bila kiti cha siasa, wakiwemo Wanande waliotoka Kivu, na sehemu kubwa ya kinachotembeza uchumi haimo kwenye daftari la Leta. Mwaka 1991 alitoa kitabu kingine pamoja na watafiti wenzake, wengi wao wa hapahapa: Vwakyanakazi Mukohya, Rukarangira wa Nkera, Makwala ma Mavambu, Walu Engundu na wengine. Walijaribu kupima biashara isiyoandikwa. Kahawa iliyovuka mpaka usiku, dhahabu, mafuta ya gari, bidhaa za Lubumbashi na Bas-Zaïre, bajeti ya nyumba za Kinshasa.

Waliwezaje? Huwezi kumwuliza mtu kwa fomu: "Mwaka huu umevusha magunia mangapi bila karatasi?" Nguvu yao ilikuwa kwamba watafiti wa inchi hii walifanya kazi katika sehemu walizozijua, kwa lugha ya watu, kupitia watu waliowafahamu. Aliyeulizwa alikuwa na njia ya kujua aliyemwuliza ni mtoto wa nani na anaweza kumkuta wapi mambo yakiharibika. Wataalamu wa tabia wa leo wana maneno mengi juu ya mjumbe anayeaminika. Sisi tunaulizana tu: huyu ametumwa na nani?

Jambo lingine la kiufundi kidogo, lakini nawaomba msichoke, kwa sababu ni la akili sana. Mwaka 2004 na 2005 Taasisi ya Taifa ya Takwimu, INS, ilifanya anketi inayoitwa 1-2-3, ikaifanya tena mwaka 2012. Njia hiyo ilitumika kwanza Yaoundé, Kamerun, mwaka 1993. Badala ya kwenda sokoni kuwinda wafanyabiashara wasioandikwa, mwulizaji huenda nyumbani. Hatua ya kwanza anauliza watu wa nyumba wanafanya kazi gani. Mama anasema anauza makala, kijana anasema ana baiskeli ya toleka, baba anashona nguo. Hatua ya pili, wale wenye biashara zao ndogo wanafuatwa na kuulizwa juu ya hizo biashara. Hatua ya tatu ni matumizi ya nyumba.

Ona ujanja wake. Mama yuleyule mmoja, mbele ya meza yake sokoni, akiona kalamu anafikiri tiketi ya komini. Kwenye kiti cha nyumbani kwake, akiulizwa kazi yake kama mtu yeyote, anasema bila kushtuka. Kwa kuwa wengi kama yeye hawaandiki hesabu, mwulizaji anaijenga hesabu pamoja naye: gunia ulinunua kwa bei gani, usafiri ngapi, ulibakiza mangapi, uliuza kwa mafungu ya bei gani. Haulizwi "faida yako ni kiasi gani", swali ambalo hata mimi singelijibu. Faida inatokea yenyewe mwishoni mwa mazungumzo.

Nilipoisoma njia hiyo niliona kwamba mtu aliyeitengeneza alikuwa ameketi na akina mama wa kweli. Pamoja na hayo, anketi huchukua nyumba chache kuwakilisha nyingi, na ili uchague nyumba vizuri unahitaji kujua ziko ngapi. Sensa ya mwisho ya inchi nzima ilikuwa Julai 1984. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana wajukuu, na sisi bado tunakadiria.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi kunyamaza ni hekima, tuendelee kunyamaza. Kwa miaka mingi ilikuwa hekima. Lakini kuna bili iliyokuja baadaye, na imetufikia sisi hasa wa Kisangani.

Mnaikumbuka vita ya siku sita, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Ilikuwa mara ya tatu, baada ya Agosti 1999 na Mei 2000, na ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka. Mamia ya raia walikufa. Nyumba, maduka, depo, shule, makanisa, vyote viliguswa. Kuna wafanyabiashara waliolala wakiwa na mali na kuamka wakiwa wahamishwa.

Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Desemba 2005 Mahakama ikasema Uganda ina hatia na inapaswa kulipa. (Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama, Mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuisikiliza.) Ikabaki swali: kulipa kiasi gani? Hapo ndipo fomu zilipoingia. Watu wa serikali walikusanya fomu za waathirika katika miji iliyoguswa, Kisangani ikiwemo. Umempoteza nani, umepoteza nini, thamani yake ngapi. Kwa mali peke yake Kongo iliomba karibu dola milioni 240. Kwa yote pamoja iliomba zaidi ya dola bilioni 11.

Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ikatoka: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 60 kwa ajili ya mali asili ya inchi, na milioni 40 kwa ajili ya mali za watu. Kuhusu mali, Mahakama ilisema wazi kwamba ushahidi ulioletwa ulikuwa mchache mno, ingawa ilikubali uharibifu mkubwa ulitokea. Fomu nyingi hazikuambatana na karatasi za kuthibitisha kilichoandikwa ndani yake.

Nimefikiri sana juu ya tofauti hiyo, milioni 240 na milioni 40. Si yote inayotokana na makaratasi. Serikali yenyewe ilipeleka kesi kwa uzembe ambao majaji hawakuuficha, na fomu zile zilikusanywa miaka mingi baada ya mabomu. Lakini fikiria mwenye depo wa Makiso mwaka 2000. Tangu 1973 amejifunza kutoandika. Risiti anachana. Daftari la kweli liko kichwani, daftari la ofisi lina namba ndogo. Bomu linaanguka. Baadaye anakuja mtu na fomu akimwuliza: "Ulikuwa na mali ya kiasi gani?" Kwa mara ya kwanza maishani mwake anataka kusema ukweli wote, na hana kijiti hata kimoja cha kuweka mezani. Ukimya uliomlinda dhidi ya Mobutu ulimwacha mikono mitupu mbele ya majaji.

Uganda ilitakiwa kulipa kwa mafungu matano ya dola milioni 65, moja kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na mfuko wa kugawa, FRIVAO, una makao yake hapahapa mjini. Waathirika wakaandikwa tena. Foleni zile mliziona, wengine mlisimama ndani yake. Habari ya mfuko huo tumeitangaza na tutaendelea kuitangaza, si ya leo.

Basi mtu anayetaka wafanyabiashara wa Kisangani wajibu leo afanye nini? Jibu moja limetoka ndani ya inchi yetu, kule Kananga. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilituma watoza kodi ya nyumba mlango kwa mlango, katika kartie zilizochaguliwa kwa kura, na watafiti akiwemo Jonathan Weigel wakafuatilia. Kabla ya hapo karibu hakuna aliyelipa. Baada yake walilipa watu zaidi ya 11 katika 100. Lakini lililonishangaza ni hili: katika kartie zilizotembelewa, watu walianza pia kuhudhuria zaidi mikutano ya serikali na kutumbukiza fomu zao za maoni juu ya utendaji wake. Waliotozwa kodi ndio waliozidi kujibu! Aliyetoa feza yake alitaka kusema inavyotumika. Mwaka 2018 wakajaribu jingine: badala ya karani wa serikali, shefu wa mtaa akapita na kukusanya. Waliolipa wakaongezeka kwa zaidi ya watu 3 katika 100. Sababu waliyoikuta ni kwamba shefu anajua nani anaweza kulipa na nani hana kitu, kwa hiyo hapotezi muda kumsumbua asiye nacho.

Mimi sipendekezi shefu apewe fomu ya biashara. Shefu anayejua kila kitu ni huyohuyo anayeweza kukutoza baadaye, na kuna mashefu na mashefu. Nachukua kutoka Kananga jambo lingine, kwamba mtu hujibu anapoona jibu lake lina mahali pa kufika na kuna jambo analoweza kudai.

Kwa hiyo anketi ya biashara hapa ingepaswa kuanza kwa kurudisha. Kama mwaka jana mlihesabu meza za soko, tangazeni kwanza mlipata ngapi, kwa Kiswahili na kwa Lingala, redioni na kwenye mlango wa soko, kabla ya kuuliza tena. Mtu wa patanti na mtu wa anketi wasipite siku moja, wala wasivae gile ya rangi moja. Jina la mwenye duka libaki nje ya karatasi pale ambapo halihitajiki. Na pawepo mtu wa chama cha wauzaji anayeweza kusema fomu hizi zinawekwa wapi na nani ana ufunguo. Hayo hayagharimu sana. Sentensi nzuri ya London juu ya watu tisa kati ya kumi haitasaidia kitu hapa, kwa sababu kila mmoja sokoni anajua jirani yake alijibu nini: alisema amesafiri Isiro.

Kwa ndugu zetu wahamishwa nina neno la pekee. Tangu vita vya Mbole na Lengola vilipolipuka mwaka 2023, familia nyingi zimekimbia Lubunga na upande wa Ubundu, na ninyi mmeandikwa mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Fomu za misaada huuliza mara nyingi mko wangapi, watoto wangapi, wagonjwa wangapi. Ni nadra ziulize ulikuwa unauza nini. Mama aliyekuwa na meza ya samaki, mashine ya kusaga au shamba la mihogo anaingia kwenye orodha kama mdomo wa kulishwa.

Mkiulizwa, semeni na hilo hata kama hakuna kisanduku chake. Na msisubiri fomu. Chukueni kaye ya shule, andikeni kilichokuwepo: meza, mashine, magunia, bei mliyonunulia, mwaka, majina ya majirani wawili waliokuwa wakiona. Watie sahihi au kidole wakiwa bado karibu. Kaye hiyo ikae kwenu, si kwa mtu wa shirika wala kwa mtu wa Leta, na siku mtu atakapokuja na swali mtaamua wenyewe kama mnaifungua.